Kulaza foki: kigeuzi cha linki au bakuli za shingo?

Ukishuka kreta ya Menengai kwa baiskeli ya milimani kutoka ukingoni, gurudumu la mbele ndilo linalokuambia kama foki (uma unaolishika gurudumu hilo) imesimama mno: linakwama kwenye kila jiwe na usukani unakupokonya mikono. Kuna njia mbili za kuilaza.

Ya kwanza ni kugeuza kigeuzi cha linki, kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika linki ya shokomzoba ya nyuma. Spana ya L, dakika chache, basi. Lakini unapata takribani nusu digrii tu, na ekseli ya pedali inashuka milimita kadhaa. Kwenye mawe yale pedali zitagonga.

Ya pili ni kuweka bakuli za beringi za shingo (bomba la mbele la fremu ambamo foki huzunguka) zilizotobolewa kwa mshazari. Hizi hulaza foki digrii 1 hadi 2, na pedali hubaki karibu palepale, ingawa ukipanda polepole mbele hupepesuka kidogo. Kuzifunga kunataka subira: alama ya bakuli ilingane na mstari wa katikati wa fremu, la sivyo foki itaegemea upande. Mara ya kwanza nilizipiga nyundo, zikaingia kombo. Siku hizi natumia boliti ndefu na washa mbili pana, nikikaza polepole huku nikichungulia ile alama. Kwa Menengai nazichagua hizi, mradi shingo ya fremu yako inazikubali.