Gita yangu ya 14,500 na Fender ya jamaa yangu, nimezipiga zote wiki mbili

Wacha niseme mapema ndio usisome mpaka chini ukiwa na presha: shida ya gita za bei ya chini si sauti. Hizi za China tunazouziwa huku, ukichomeka kwa ampu, ile mashine ya kukuza sauti, upige kodi mbili tatu, inalia kama gita, na watu kwa matanga hawatajua chochote. Shida iko mahali pengine kabisa na ndiyo nataka kuongelea, juu kila Jumapili vijana wa kanisa wananishika baada ya ibada, ati wanunue ya elfu kumi na kitu ama wangoje mtu wao wa majuu atume ya ukweli.

Yangu nilinunua hapa Kisumu, duka sitataja, 14,500 pamoja na waya na mfuko wa kubebea. Umbo ni la Stratocaster, ile gita ya umeme maarufu ya kampuni ya Fender, pikapu tatu (zile sumaku chini ya nyuzi zinazoshika sauti), na jina kwa kichwa ambalo hata kwa intaneti sijalipata. Muuzaji aliniambia ni orijino. Orijino ya nini, hakusema, na mimi kwa furaha sikuuliza.

Siku ya kwanza kutoka nayo ilikuwa matanga upande wa Bondo, ile ya kukesha. Sasa mtu wa benga, ule muziki wa gita wa Waluo, ndiye anagundua gita mbaya haraka kuliko mtu yeyote, na sababu ni hii: solo ya benga inakaa juu, kuanzia freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyopangwa kwa shingo) kwenda mbele, noti moja moja, mbio, safi, vile nyatiti, zeze la Waluo, inadonolewa, hakuna distoshen, ile sauti ya kukwaruza ya roki, ya kuficha makosa. Ukipiga kodi za G na C huku chini kanisani unaweza kaa na gita mbovu miaka mitano na usijue. Mimi nilijua saa nne usiku. Freti ya 14 na 15 zilikuwa zinakwaruza, uzi unagusa chuma cha mbele unavuma kama nyuki, halafu ukitoka chini ukienda juu unasikia kabisa gita imeanza kukuacha, chini iko sawa na besi, juu imepanda kidogo, na kila wimbo wa pili natyuni tena huku watu wamesimama wananiangalia na mtu wa besi anajifanya hanijui.

Nikakaa na hiyo aibu miezi. Kisha jamaa yangu wa bendi akasafiri na akaniachia yake, Fender Stratocaster ya Marekani, ile laini ya American Professional II, ndugu yake alimletea. Huko kwao inazidi dola 1,500, wewe piga hesabu, ni laki mbili hapo kabla hata hujaongea na watu wa forodha. Wiki mbili nilale na gita ya mtu ya laki mbili kwa nyumba ya Nyalenda, bana sikulala.

Kitu ya kwanza nilifanya ni kuweka nyuzi za aina moja kwa zote mbili, 10 kwa 46, yaani unene wa uzi mwembamba na ule mnene, juu watu wengi wanalinganisha gita mpya yenye nyuzi safi na ya zamani yenye nyuzi imeshika kutu halafu wanasema pesa ndio imeongea. Ampu moja, noobu pale pale. Nikarekodi kwa simu kipande kile kile mara mbili nikatuma kwa watu watano wa bendi bila kuwaambia gani ni gani. Watatu walichagua yangu wakisema ndiyo Fender. Mmoja akasema zote ni moja nawachezea akili. Dada yetu wa kinanda peke yake alipata, na hakusema mambo ya utamu wa sauti, alisema tu "ya kwanza, uzi wa tatu umeteremka ukifika katikati ya kipande." Kumbe hiyo ya kwanza ndiyo yangu.

Sikiza hapo vizuri, juu hapo ndio jibu lote limelala.

Siku hizi mwili na shingo ya gita havichongwi na mzee na patasi. Ni mashine zinaendeshwa na kompyuta, za Fender ziko Corona, California, zingine ziko Ensenada kule Mexico, na Indonesia kuna kiwanda cha Cort pale Surabaya kinatengenezea majina mengi sana unayoyaona dukani. Mashine haiulizi mshahara wa anayeibonyeza. Nilichukua tepu ya fundi nguo nikapima yangu: kutoka kile kidude cha plastiki juu kwa kichwa mahali nyuzi zinapitia, mpaka freti ya 12, ni milimita 324, na ndivyo inafaa kuwa, kwa sababu uzi wa Stratocaster ni 648 na freti ya 12 ni nusu yake. Nikapima ya jamaa, 324. Sawa kabisa. Kwa hivyo freti zangu zilikatwa mahali pake, hakuna aliyekosea hesabu.

Kilichokosa ni mkono wa mtu baada ya mashine. Mtu wa kusawazisha freti zote ziwe kimo kimoja, wa kupiga msasa kona zake, wa kuchimba njia za nyuzi pale kwa kidude, wa kusogeza vyuma vya brijii, pale nyuzi zinaposhikwa kwa mwili wa gita, mpaka noti ya chini na ya juu zielewane. Hiyo ni masaa ya fundi, na Marekani masaa ya fundi ni ghali, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya laki zako. Ya jamaa ukipitisha kidole pembeni ya shingo ni kama umepitisha kwa sabuni. Yangu Januari nilienda nayo Nakuru wiki tatu, kule hewa ni kavu si kama hapa karibu na ziwa, mbao ikasinyaa kidogo na chuma cha freti hakisinyai, kwa hivyo ncha za freti zikatokeza nje zikanikata kidole. Nilipiga harusi nzima na plasta.

Basi nikaipeleka kwa jaduong mmoja, yaani mzee, aliyekuwa akipiga solo zamani na sasa ni fundi wa hizi vitu. Hakuicheka, nilishangaa. Akapaka freti wino wa maka, akapitisha ubao wenye msasa, pale wino umebaki ni bonde, pale umetoka ni mlima, akasugua mpaka zikalingana. Kile kidude cha plastiki akang'oa akatupa, akachonga kingine cha mfupa wa ng'ombe, mfupa wa bucha tu, anauchemsha mafuta yatoke anauanika. Usifikiri ni mambo ya kijijini, hata magita ya bei kali yanawekwa mfupa pale. Vyuma vya brijii alisogeza na bisibisi kwa dakika kumi na tano na ile shida ya "juu imepanda" ikaisha, walai dakika kumi na tano, kitu nililia nayo miezi. Duka lingefanya hivyo kabla ya kuniuzia nisingeaibika Bondo.

Hesabu sasa, sifichi. Gita 14,500. Nyuzi 1,200. Kazi ya jaduong na mfupa 3,000. Vikaza nyuzi vipya, juu vya mwanzo vilikuwa vinateleza hata baada ya mfupa, 3,500. Jeki, lile tundu la kuchomeka waya, na noobu ya sauti kwa fundi wa redio pale soko la Kibuye, 1,100. Jumla 23,300. Na hapo ndio lazima nijiulize kwa ukweli, kwani sikungeongeza kidogo nikanunua gita ya jina linalojulikana kama Yamaha Pacifica ama Squier toka mwanzo? Jibu ni ndiyo, ningefanya hivyo, na ukiwa unaweza kungoja miezi miwili fanya hivyo, tafuta hata ya mitumba. Squier ni mtoto wa Fender mwenyewe, walianza kutengeneza gita kwa hilo jina 1982, Japani, kwa sababu Wajapani walikuwa washaanza kuwanakili vizuri kupita kiasi. Gibson, washindani wa Fender, nao yaliwapata mapema, 1977 kampuni iliyowamiliki ilipeleka kortini wauzaji wa Marekani wa Ibanez, gita za Japani, na angalia kesi ilihusu nini: umbo la kichwa cha gita. Umbo la kichwa! Hakuna aliyeenda kwa jaji kusema sauti ya Wajapani ni mbaya.

Sitaki nikudanganye kwamba zimekuwa sawa. Ya jamaa ukipunguza noobu mpaka nusu sauti inapungua na inabaki na uhai, yangu ukipunguza inaingia ndani ya blanketi. Yake nilikesha nayo mazoezi ya masaa manne nikatyuni mara moja. Yangu baada ya ukarabati ni mara tatu hivi, zamani ilikuwa haina idadi. Lakini kuvuma ni kulekule, umeme wetu unaingia kwa pikapu za aina ya Stratocaster bila kujali bei, ile ya laki mbili nayo inanguruma ukisimama karibu na taa za tyubu, tofauti ni kwamba yake ukiweka swichi kati ya pikapu mbili inanyamaza na yangu inaendelea tu.

Na wewe kijana mwenye elfu thelathini na hauna ampu, tafadhali omera, usimalizie yote kwa gita. Nilichomeka hiyo Fender kwa spika za tarumbeta zile za matanga, mixa imechoka, na ikalia kama mkebe. Kisha yangu nikachomeka kwa ampu nzuri ya kanisa jirani na pasta akaniuliza kama nimenunua gita mpya.

Ukiwa dukani na hizi za bei ya chini usiangalie rangi. Bonyeza kila uzi kila freti, zote, hata muuzaji akikunja uso, sikiza mahali inakwaruza. Angalia shingo kutoka mwisho ukifunga jicho moja kama fundi mbao anaangalia ubao, ikiwa imepinda upande mmoja kama propela weka chini utoke, hiyo hakuna fundi. Ikiwa imejikunja mbele ama nyuma tu usiogope, kuna chuma ndani ya shingo kinakazwa na alenki.

Jamaa amerudi Jumanne akachukua yake. Mimi nimebaki na hii yangu na imebakisha kitu kimoja, ile swichi ya pikapu inakwaruza nikiigusa, na Ijumaa tuna kukesha tena upande wa Siaya, kwa hivyo kesho asubuhi niko Kibuye kwa fundi wa redio.