Tanbihi za tasnifu ya muziki: steshenari moja nyuma ya soko kuu, Tabora

Ukiwa na tasnifu ya uhasibu au ya kilimo, steshenari karibu yoyote hapa mjini itakumalizia kazi. Kitabu wanakijua, makala ya jarida wanaijua, tovuti wanaijua. Ya muziki ndiyo inayowatoa jasho. Mimi nafundisha kwaya Isevya, na utafiti wangu wa uzamili unahusu muziki wa dansi wa Tabora, yaani bendi kama Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz. Vyanzo vyangu vingi ni santuri, tepu za iliyokuwa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), na wazee wanaonisimulia barazani. Chuo kinataka vyanzo vitajwe kwa mtindo wa Chicago, ule wa tanbihi chini ya ukurasa.

Steshenari niliyokwenda inatazamana na mafundi cherehani. Kuna dada anayeshughulika na tasnifu na kijana anayetoa kopi na kuprinti. Tanbihi wanatoza shilingi 200 kila moja, marejeo shilingi 1,000 kwa ukurasa. Kwa bei za hapa si rahisi, ila ngoja niseme unacholipia.

Dada hakukimbilia kompyuta. Alichukua orodha yangu, akapita na kalamu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii santuri namba yake iko wapi?" Nikamwambia nimeandika jina la wimbo na bendi, inatosha. "Haitoshi, mwalimu. Mwaka huna, na namba pia huna, msomaji ataitafutaje?" Na kweli, santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, na mara nyingi karatasi ya katikati haina mwaka. Ina jina la lebo (kampuni iliyotoa santuri) na namba, na namba hiyo ndiyo inayotofautisha santuri moja na nyingine hata kama wimbo ni uleule uliorekodiwa mara mbili. Kwa hiyo tanbihi zangu sasa zinataja bendi, wimbo ndani ya alama za mtajo, lebo na namba, na kama ni santuri au kaseti. Mwaka unawekwa pale tu unapojulikana.

Palipokuwa na maelezo ya solo ya gitaa aliweka dakika na sekunde mwishoni mwa tanbihi, mahali ambapo kitabu kingekuwa na ukurasa. Hilo peke yake lilistahili hela yangu, maana msimamizi hatalazimika kusikiliza upande mzima wa santuri ili apate sekunde kumi ninazozizungumzia.

Alifuta pia kila "ibid." niliyokuwa nayo, yaani lile neno la kusema "chanzo ni kilekile cha tanbihi iliyotangulia". Toleo la 17 la mwongozo wa Chicago, la mwaka 2017, linapendelea jina la ukoo na kichwa kilichofupishwa, na sababu yake utaielewa siku utakayochomeka tanbihi mpya katikati ya mbili za zamani: ile "ibid." iliyokuwa ya mzee wa Kiko Kids ghafla inamwelekea mtu mwingine kabisa. Mahojiano ambayo hayajachapishwa aliyaacha kwenye tanbihi tu, hayakuingia kwenye marejeo, na ndivyo mtindo wenyewe unavyofanya kwa kawaida. Hata aya yangu moja ya Beethoven (msimamizi aliitaka, msiniulize kwa nini) aliishika vizuri. Simfonia yenye namba tu, kama ile Na. 5, inaandikwa kwa herufi za kawaida. Italiki ni ya kazi yenye jina lake hasa, na ya albamu.

Sasa marejeo. Huku alikaa kijana, na huku ndiko nilikokunja uso. Ukurasa wa kwanza tu nakutana na "Jazz, Tabora". Chini kidogo, "Jazz, Nyanyembe". Wanatumia Zotero, programu ya bure na nzuri sana kwa kazi hii, lakini ina visanduku viwili vya jina. Ukiijazia bendi kama unavyojaza mtu, itatanguliza neno la mwisho kama jina la ukoo. Dawa ni kubadili iwe kisanduku kimoja, mbofyo mmoja tu. Salim Zahoro, mwanamuziki wa Kiko Kids, kugeuka "Zahoro, Salim" ni sawa, ni mtu. Bendi haina ukoo.

Vichwa vya Kiswahili navyo vilitoka "Historia Ya Muziki Wa Dansi", herufi kubwa kila mahali kama Kiingereza. Programu huchukulia kila kichwa ni cha Kiingereza mpaka uiambie vingine: kwenye sehemu ya lugha unaandika "sw" na inatulia. Dada alirekebisha yote bila kunitoza, lakini kila kosa nililionyesha mimi kwa kidole. Asiyejua angelipia na kuondoka nayo.

Jambo moja la kudai kabla hujalipa: faili mbili kwenye flashi. Moja ni ile ambayo tanbihi bado zimeunganishwa na programu, ukiongeza chanzo zinajipanga zenyewe. Nyingine ni ya kumtumia msimamizi, viungo vimekatwa na maandishi yamebaki matupu. Viungo vikishakatwa ukahifadhi faili, kuviunganisha tena ni kuanza upya. Mimi kwanza nilipewa hiyo iliyokatwa tu, nikarudi.

Kuprinti ni safi. Kubaindi nenda kwingine, gundi yao inaachia.

Tanbihi nawapa tisa kwa kumi, marejeo tano. Dada hayupo Jumatano. Ukimkuta kijana peke yake toa kopi zako tu, orodha ya santuri rudi nayo kesho yake.