Tabibu ndiye aliyemfikisha mwanangu kwa mpasuaji wa masikio

Mwanangu ana miaka 4. Kwa muda mrefu nilikuwa namwita mara tatu ndipo ageuke, nikamgombeza sana nikidhani ni utundu. Kila akipata mafua sikio linauma, na kila tukienda kituo cha kwanza tunarudi na chupa ya antibiotiki. Hakuna aliyefungua kurasa za nyuma za faili lake. Hilo bado linaniuma.

Kliniki ya pili, foleni ya daktari bingwa wa masikio, pua na koo ilikuwa ya miezi. Tulipokewa na tabibu, yaani mtaalamu wa tiba aliye chini ya daktari, na moyo ukanishuka, nikaona tumepewa wa kutupoza tu.

Aliniuliza kila mara sikio lilipouma, akaandika tarehe moja chini ya nyingine. Akachungulia sikio kwa otoskopu, kile kifaa chenye taa, kisha akaweka sikioni kifaa kinachopima jinsi ngoma ya sikio inavyocheza. Kwenye karatasi mstari unatakiwa kupanda kama kilima. Wa mwanangu ulilala bapa, kulia na kushoto. Akaniambia, "Mama, mtoto si mtundu. Kuna majimaji nyuma ya ngoma, hasikii vizuri." Nililia pale pale.

Hakukimbilia upasuaji. Alieleza kuwa mara nyingi majimaji hayo hukauka yenyewe ndani ya miezi 3, na antibiotiki haziyaondoi. Tuliporudi baada ya miezi hiyo hali ilikuwa ileile. Akampima usikivu, akaandika rufaa na kuambatisha vipimo vyote. Bingwa alisoma, akamwangalia mtoto, akatupangia tarehe ya upasuaji siku hiyohiyo, kwa sababu miezi ya kusubiri ilikuwa tayari imehesabiwa.

Vijibomba, yaani vimirija vidogo vya kupitisha hewa, vilitiwa kwenye ngoma za masikio akiwa kwenye usingizi wa dawa. Kazi yenyewe haikufika robo saa.

Mzazi mwenzangu, kabla hujakaa kwenye benchi uliza mambo mawili: tabibu ana kifaa cha kupima ngoma ya sikio? Rufaa yake inapokelewa na mpasuaji moja kwa moja? Bila hayo mawili umeongeza kituo kingine njiani, na mtoto anazidi kuchelewa kujifunza maneno. Sisi tulibahatika kuyapata yote.

Tabibu yuleyule ndiye anayemfuatilia hadi leo. Juzi alikuta kijibomba cha kushoto kimeshatoka chenyewe, na ngoma imejifunga vizuri.