Weji za Cleveland CBX 4 ZipCore: soli pana kwa anayechimba karibu na grini

Mchezaji wa gofu wa handikapi 20, yaani anayehitaji takriban mapigo 20 zaidi ya kiwango cha uwanja, hukosa grini nyingi, zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo. Katika mashimo 18, yale anayoifikia grini kwa idadi ya mapigo iliyopangwa mara nyingi hayazidi matano. Kwenye mengine yote hubaki na pigo fupi la yadi 5 hadi 40, na hapo ndipo kadi huharibika: fimbo inachimba na mpira unasogea hatua mbili, pigo linalofuata linavuka grini nzima, na shimo lililokuwa la bogi (pigo moja juu ya kiwango) linaandikwa saba. Weji, fimbo za mapigo mafupi zenye uso ulioinama sana, za CBX 4 ZipCore kutoka kampuni ya Cleveland, zilizoingia sokoni 2024, zimeundwa kwa ajili ya mchezaji huyu. Kwa kazi hiyo zinamfaa kuliko weji nyembamba anazoziona mikononi mwa mabingwa kwenye televisheni.

Hata hivyo, zisitarajiwe kufanya kila kitu. Takwimu za mikwaju za Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia zilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na dhaifu hutokana na mapigo ya zaidi ya yadi 100. Anayepoteza mipira miwili msituni kila raundi kwa dreva, fimbo ndefu ya pigo la kwanza, aanze na dreva. Weji hizi ni za yule anayefika karibu na grini salama, kisha anatumia mapigo manne kumaliza.

Nyuma ya kichwa pamechongwa pakawa na uwazi, na uzito umesukumwa kwenye kingo. Kwa hiyo mpira unaogongwa nje kidogo ya katikati haupotezi umbali mwingi, na kichwa hakipindi sana mkononi. ZipCore ni kipande chepesi kilichowekwa ndani, upande wa shingo, ili kitovu cha uzito kitoke kisiginoni na kusogea katikati ya uso, mahali mpira unapogongwa. Anayecheza aironi (fimbo za kawaida za kichwa cha chuma) zenye uwazi nyuma, kama wengi wetu, atahisi weji hii ni ndugu wa aironi yake ya 9. Ukiwa na weji bapa, isiyo na uwazi huo, unabadilisha aina ya fimbo palepale unapohitaji utulivu zaidi.

Lakini sehemu inayookoa mikwaju kwa kweli ni soli, yaani upande wa chini wa kichwa cha fimbo. Baunsi ni pembe kati ya ukingo wa mbele wa fimbo na sehemu ya soli inayogusa ardhi kwanza; kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo soli inavyoteleza badala ya kuzama. Kwenye weji za CBX 4 ambazo uso wake umeinama digrii 54 hadi 60, baunsi ni takriban digrii 10 hadi 12, juu ya soli iliyo pana kuliko kawaida. Cleveland wameipa soli maumbo matatu: umbo la V kwa digrii 44 hadi 52, ambazo hutumika zaidi kwa pigo kamili, S kwa 54 na 56, linaloteleza vizuri mchangani na kwenye majani, na C kwa 58 na 60, ambapo kisigino na nyuma vimenyolewa ili uso uweze kufunguliwa.

Sasa angalia jinsi wengi wanavyoifuta faida hiyo wenyewe. Wamefundishwa kusukuma mikono mbele ya mpira wanapochipi, yaani wanapopiga pigo fupi la chini kuelekea grini. Kila digrii moja ya mpini kulalia mbele inapunguza baunsi kwa digrii moja. Weji yenye baunsi ya digrii 12, mpini ukilala mbele digrii 10, imebaki na baunsi ya digrii 2, na ukingo wake wa mbele umegeuka kuwa jembe. Mchezaji akichimba mara mbili anaanza kuogopa ardhi, anainua mikono kabla ya kugonga, na ukingo unaukata mpira tumboni. Makosa yale mawili yanayoonekana kupingana, kuchimba na kuvusha grini, yana mzizi mmoja. Soli pana inakupa nafasi ya kukosea kama inchi moja nyuma ya mpira na bado ukapata pigo linalofaa, mradi mikono isitangulie kupita kiasi.

Kwa hiyo ukiinunua, badilisha na mkao. Miguu ikaribiane kiasi cha upana wa kiatu kimoja kati yake, uzito kama asilimia 60 uwe mguu wa mbele na ubaki huko mpaka mwisho, mpira uwe katikati ya miguu, na kitako cha mshiko kielekee kwenye kifungo cha suruali au mbele yake kidogo tu. Zungusha kifua, usikunje vifundo vya mikono. Sauti unayoitafuta ni ya soli kugonga majani, kitu kama kibao kinachopiga zulia. Ukisikia mchubuko mkavu wa udongo, ukingo wa mbele umetangulia. Ili kujipima, kunja taulo uliweke sentimita 15 nyuma ya mpira na upige mipira 20 bila kuligusa. Ukiligusa mara kwa mara, uzito umebaki mguu wa nyuma, na hakuna fimbo itakayolitibu hilo.

Nyasi nazo zina neno. Viwanja vya nyanda za juu za Kenya, Karen kwa mfano, vimeota nyasi za kikuyu, mmea wa asili ya Afrika Mashariki uliosambaa hadi Australia, Afrika Kusini na California, ambako ndio uliotandazwa kwenye fewei (njia za nyasi iliyokatwa kuelekea grini) za uwanja wa gofu wa Riviera. Shina lake ni gumu na hutambaa juu na chini ya udongo. Kwenye fewei iliyokatwa mpira hukaa juu vizuri, na hapo CBX 4 ni raha tupu. Pembeni mwa grini mambo hugeuka: mpira huzama, majani yanaikamata shingo ya fimbo, uso unajifunga na mpira unatoka chini ukienda kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Dawa ni kufungua uso kidogo kabla ya kushika, kukaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, na kutumia 56 au 58 yenye uzito wa kutosha kupita. Usijaribu kuubiringisha mpira kupitia kikuyu. Mdundo wa kwanza hufia hapohapo. Uangushe kwenye grini yenyewe.

Pwani na maeneo ya joto kuna ukoka, na tatizo ni uelekeo wa majani. Yakiwa yamelala kukuelekea, weji nyembamba hukwama kabla ya kufika kwenye mpira. Hapo ndipo tofauti ya soli hii huonekana wazi zaidi kuliko popote: ya S kwenye digrii 56 inateleza juu ya majani ambayo weji ya baunsi ndogo ingeyachimba.

Udhaifu wake mkubwa unaonekana kiangazi, ardhi ikiwa kavu kama saruji na majani yamekonda. Soli pana inadunda kabla ya kufika kwenye mpira, ukingo wa mbele unakaa juu, na ukifungua uso ili kuurusha mpira juu sana, unauinua ukingo huo zaidi. Pigo la juu la kuanguka taratibu kutoka kwenye udongo mkavu si kazi ya fimbo hii. Acha weji mfukoni, tumia aironi ya 8 kwa mwendo wa kuputi, yaani kama unausukuma mpira kwenye grini, ubiringike. Mchangani pia ujue tofauti: mchanga mkavu na mwepesi unaifaa sana 56, uso ukifunguliwa kidogo na soli ikiingia inchi mbili nyuma ya mpira, lakini banka (shimo la mchanga) iliyoshikana baada ya mvua za masika inahitaji uso usiofunguliwa kabisa, la sivyo fimbo inadunda na mpira unapaa ng'ambo.

Mchezaji wa handikapi ya tarakimu moja, anayejua kufungua na kufunga uso kwa makusudi, ataiona CBX 4 kuwa haina wepesi. Kwake weji ya Titleist Vokey SM10, nayo ya 2024, yenye michongo sita ya soli, ni bora bila ubishi. Lakini michongo sita ni maswali sita, na mwenye handikapi 18 hana bado pigo linalojirudia la kumsaidia kujibu. Kwa upande wa pili yupo yule ambaye kila chipi ni hofu. Huyo aangalie Cleveland Smart Sole, ambayo soli yake ni pana zaidi hata kuliko hii. Ile ya digrii 42 hupigwa karibu kama unaputi. Haipendezi machoni, na umbali wake kwa pigo kamili hautabiriki vizuri, lakini kama lengo ni namba ndogo kwenye kadi, sura ya fimbo haihesabiwi.

Kosa la ununuzi ni digrii. CBX 4 hutolewa kuanzia 44 hadi 60, kila baada ya digrii mbili, na watu huchukua 52, 56 na 60 kwa mazoea. Kwanza jua weji iliyokuja na seti yako ina digrii ngapi. Aironi za kisasa za wachezaji wa kawaida zimekazwa sana, yaani mwinamo wake umepunguzwa. Weji ya seti sasa ni 43 au 44, wakati zamani ilikuwa 46 hadi 48. Mwenye 44 akinunua 56 peke yake ana pengo la digrii 12, na hilo ni yadi 25 hadi 35 zisizo na fimbo. Hapo ndipo anapoanza kulazimisha au kubana pigo. Mpango unaofaa wengi ni 44, kisha 50, kisha 56: fimbo mbili mpya tu, na nafasi iliyobaki kati ya zile 14 zinazoruhusiwa ijazwe na hibridi, fimbo iliyo katikati ya aironi na fimbo za kichwa kikubwa. Mwenye weji ya seti ya 46 achukue 52 na 56, au 52 na 58. Ile ya 60 iache dukani. Mwinamo wake ni mkubwa kiasi kwamba kosa dogo la mgongano linapunguza nusu ya umbali, na mpira ukikaa juu ya kikuyu, kichwa kinaweza kupita chini yake kabisa.

Ukipewa fimbo iliyokunjwa dukani ili kurekebisha mwinamo, uliza imekunjwa upande gani. Ukiongeza mwinamo digrii moja, baunsi inaongezeka digrii moja, ukipunguza, inapungua. Weji ya 56 iliyokazwa hadi 54 imepoteza digrii mbili za kile hasa ulichokuwa unakilipia.

Kuhusu mzunguko wa mpira, uso una mifereji mikali na michoro midogo ya leza inayoitwa HydraZip, yenye kazi ya kuushika mpira hata kukiwa na umande au majani mabichi. Inasaidia asubuhi. Lakini ukipiga mpira wa bei nafuu wenye ganda gumu la plastiki ya ayonoma, mzunguko karibu na grini utabaki mdogo hata mifereji iwe mipya kiasi gani. Mpira wa ganda laini la yurethini ndio unaosimama. Ukichagua kubaki na mpira mgumu, panga ubiringike zaidi: uangushe karibu nawe na uuache ukimbie. Futa mifereji kwa brashi ya nailoni na maji kila baada ya pigo lililogusa udongo, na mpe kedi, mbeba fimbo wako, taulo lenye ncha moja iliyoloweshwa. Udongo mwekundu ukikauka ndani ya mifereji, HydraZip ni pambo tu.

Bei ya mpya ilipotoka Marekani ilikuwa chini ya dola 200 kwa fimbo moja, ya mpini wa chuma ikiwa nafuu kuliko ya grafaiti. Chukua mpini wa aina na uzito unaokaribiana na wa aironi zako. Ukitoka kwenye aironi za grafaiti nyepesi na kuingia weji ya chuma nzito, mwendo wa mikono unachelewa na mpira unabaki kulia. Ukinunua iliyotumika, pitisha ukucha kwenye mifereji ya katikati ya uso na uulinganishe na ile ya pembeni, upande wa ncha. Kama katikati ukucha unateleza na pembeni unakwama, uso umeisha. Tazama pia soli: mikwaruzo iliyojaa ukingo wa mbele pekee inaonyesha mwenye fimbo alikuwa anachimba, na ukingo huo unaweza kuwa umeliwa.

Ukishazipata, kabla ya mashindano yoyote pima umbali mpira unaoruka, si pale unapoishia. Kila fimbo iwe na vipimo vitatu: mikono ikifika kiunoni, ikifika kifuani, na pigo kamili. Piga mipira kumi kwa kila kipimo, tupa miwili mibaya zaidi, andika wastani kwenye karatasi ndogo na uifunge kwenye mpini kwa selotepu. Fimbo mbili zinakupa namba sita. Anayecheza Nairobi na Mombasa awe na karatasi mbili, kwa sababu katika mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi na pigo lilelile huruka mbali zaidi kuliko usawa wa bahari.