Tathmini ya programu ya kugawa silabi na kuonyesha mkazo wa Kipolandi

Programu hii ya simu ina kazi moja tu: mwanafunzi huandika neno la Kipolandi, nayo huligawa katika silabi, huonyesha silabi yenye mkazo, kisha hulitamka polepole. Sheria kuu haitampa taabu mzungumzaji wa Kiswahili, kwa kuwa mkazo wa Kipolandi, kama wetu, kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ugumu umo katika kuzihesabu silabi zenyewe, na hapo ndipo programu inapostahili sifa.

Inafundisha kwamba silabi huhesabiwa kwa irabu peke yake. Neno chrząszcz, yaani mbawakawa, lina herufi 9 na silabi moja. Mgła, yaani ukungu, nalo ni silabi moja, ingawa sisi tunaoitamka m ya "mtu" kama silabi kamili tutashawishika kuhesabu mbili. Inaeleza pia kwamba herufi i, ikitangulia irabu nyingine, aghalabu hulainisha konsonanti tu, hivyo siedem ni sie-dem. Baada ya hapo hata pięćdziesięciogroszówka, sarafu ya groszy 50, husomeka bila hofu: pięć-dzie-się-cio-gro-szów-ka, mkazo ukiwa kwenye szów. Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya viishio, inayoonyesha kwamba profesor ina mkazo kwenye fe, profesora kwenye so, na profesorami kwenye ra, kwa hiyo hesabu hufanywa upya kila neno linaporefuka.

Kwa maneno yasiyofuata sheria, kazi imefanywa nusu. Matematyka na muzyka zimewekewa mkazo wa silabi ya tatu kutoka mwisho, jambo ambalo ni sahihi, lakini vitenzi vimesahauliwa kabisa. Zrobiliśmy, "tulifanya", katika matamshi rasmi hubeba mkazo kwenye bi, nayo zrobilibyśmy, "tungefanya", hubaki na mkazo kwenye bi hiyohiyo, ambayo sasa ni ya nne kutoka mwisho. Programu huisogeza yote miwili hadi silabi ya pili kutoka mwisho bila maelezo yoyote. Ni kweli kwamba Wapolandi wengi husema hivyo katika mazungumzo ya kawaida, ila mwanafunzi anayejiandaa kwa hotuba au mtihani ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo. Ninaipendekeza kwa nomino na vivumishi; kwa vitenzi vya aina hiyo, atumie kamusi ya matamshi.