Pasi iliyoguswa na mlinzi ikaingia kikapuni: pointi aandikiwe nani?

Kwenye mpira wa kikapu, ubishi huu haukauki. Mshambuliaji anapiga pasi, mlinzi anaigusa kwa bahati mbaya, mpira unazama kwenye kikapu chake mwenyewe. Pointi ni za washambuliaji, hilo halina mjadala. Lakini ziende kwa mchezaji yupi?

FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, inasema ni pointi 2, na anaandikiwa nahodha wa washambuliaji aliyeko uwanjani. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, inampa mshambuliaji aliyekuwa karibu zaidi na mlinzi huyo.

Kwa wepesi, FIBA inashinda. Karani mwenye kalamu na karatasi hahitaji kukumbuka nani alisimama wapi, wala hakuna wa kumbishia. Ila takwimu zinaumia: nahodha anaweza kuwa upande wa pili wa uwanja, hajagusa chochote, na bado anaongezewa pointi. Hapo NBA iko karibu zaidi na kilichotokea, ingawa “karibu zaidi” hudai macho makali au video, na mpiga pasi anaweza kutoka mikono mitupu.

Mlinzi akijifunga makusudi, kote ni kosa na kikapu hakihesabiwi.

Kama unaandaa bonanza la mtaani na karani mmoja, chukua ya nahodha. Una kamera na watu wa takwimu, na ligi yako haifungwi na FIBA? Ya NBA itakufaa.