Mhusika wa kuigiza kwenye Discord: wasifu mrefu au mistari minne?

Kwenye Discord, programu ya kuchati kwa makundi, watu huigiza visa kwa maandishi, kila mchezaji na mhusika aliyembuni. Anayeandika wasifu mrefu huja na kila kitu: ukoo, makovu, ndoto za utotoni. Faida ipo. Ukiulizwa ghafla kwa nini mhusika wako anaogopa maji, jibu unalo, na msimamizi wa mchezo anapata nyuzi za kusukia visa. Tatizo ni wasomaji. Ujumbe wa kawaida wa Discord hauzidi herufi 2,000. Nani atafungua faili la kurasa sita kabla ya kucheza? Tena mhusika aliyekwisha kuyaishi maisha yake yote kwenye wasifu hana pa kwenda.

Toleo la 2014 la mchezo wa kuigiza wa mezani uitwao Dungeons & Dragons linauliza mambo manne tu kuhusu nafsi ya mhusika: tabia yake, anachokiamini, alichofungamana nacho na dosari yake. Mistari minne ndiyo hiyo. Tuseme mhusika ni nahodha wa jahazi, mcheshi, asiyemwacha abiria nyuma, anayempenda dadake kupita kiasi, na hawezi kupita penye kamari bila kuketi. Wenzako tayari wana pa kumshika: mmoja atamdai, mwingine atamtega, wa tatu atakuwa huyo dada.

Mimi nachagua mistari minne, hasa kundi likiwa jipya. Wasifu mrefu nawaachia wawili watatu wanaojuana. Ila mhusika wa mistari minne huzaliwa mchezoni, kwa hiyo andika pembeni kila jipya unalolisema juu yake, la sivyo kaka yake aliyezikwa mwezi jana atatokea harusini akidai pilau.